Nitajuaje kwamba wazee wanatunzwa vizuri katika nyumba ya malezi kabla sijampeleka mama?

Mwalimu wa Cheyo (Tabora)

Habari za leo ndugu zangu. Naomba ushauri wenu kuhusu jambo ambalo limeninyima usingizi kwa wiki kadhaa, na ningependa hasa kusikia kutoka kwa wale waliofanya kazi ya uuguzi au waliowahi kuwa na mzazi katika nyumba ya kulelea wazee.

Mama yangu ana miaka 78. Mwaka jana, akiwa nyumbani Kasulu wakati wa kuvuna maharage, alipata kiharusi kilichompooza upande wote wa kulia na kumwondolea sehemu kubwa ya usemi. Alitibiwa kwanza Kigoma, kisha nikamleta kwangu Tabora, kwa kuwa katika watoto wake mimi ndiye niliye karibu. Kaka zangu wawili wako Dar es Salaam na Mwanza. Maneno machache aliyobaki nayo ni ya Kiha, na Kiswahili alichouzia maharage sokoni miaka yote kimemtoka karibu chote. Hawezi kujigeuza kitandani, hupaliwa akila haraka, na haja zote anamalizia kwenye pampasi za watu wazima.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Natoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kurudi saa kumi jioni. Dada wa kazi wa tatu ameondoka mwezi uliopita, wala simlaumu, maana kumwinua mtu mzima aliyepooza mara sita kwa siku si kazi ya binti wa miaka 19 akiwa peke yake. Sasa hivi jirani ndiye anayechungulia mchana, na ninajua kwamba hali hiyo haiwezi kuendelea.

Nje kidogo ya mji kuna nyumba ya watu binafsi inayopokea wazee kwa malipo ya kila mwezi. Nilikwenda kuitazama Jumamosi moja baada ya kupiga simu na kupanga siku. Nilikuta sakafu zinang'aa, harufu ya sabuni kila chumba, wazee wameketi barazani wakiwa na nguo safi, na msimamizi ambaye alinijibu kila swali kwa upole. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeridhika. Usiku, nilipoanza kumsimulia kaka yangu kwa simu, ndipo nilipotambua kwamba nimemweleza habari za mabati, vigae na bustani ya mboga, na sikuwa na neno hata moja la kumwambia kuhusu hali ya mzee yeyote niliyemwona pale. Nilikuwa nimekagua jengo.

Kwa hiyo swali langu ni hili: mtu anayetaka kujua ubora wa malezi yenyewe aangalie nini, aulize nini, na amuulize nani? Na zaidi ya hapo, nitajuaje baadaye kama mama anatunzwa vizuri, ilhali yeye mwenyewe hataweza kunieleza chochote? Najua wapo watakaosema kwamba kumpeleka mzazi kwenye nyumba ya aina hiyo ni kumtupa. Nimeshayasikia hayo kwa ndugu zangu wa Kasulu na ninayaheshimu, lakini leo naomba tuzungumzie namna ya kupima huduma.

Muuguzi Mstaafu, Ng'ambo

Mwanangu Mwalimu, pole sana na kuuguza. Nimefanya kazi wodini kwa zaidi ya miaka 30, na miaka mingi ya hiyo ilikuwa katika wodi ya wanawake ambako wagonjwa wa kiharusi hulazwa kwa muda mrefu. Nitakueleza ninavyotazama mimi, nawe utachukua kinachokufaa.

Malezi ya mtu asiyejiweza yanasomeka mwilini mwake kabla ya kusomeka kwenye daftari lolote. Ukirudi kwenye nyumba hiyo, usikae barazani na wazee waliovalishwa wakatolewa nje, kwa sababu hao ndio wenye nguvu. Omba kwa heshima kuwaona wale walio kitandani, kwani mama yako atakuwa miongoni mwao. Tazama kucha zao za miguuni. Tazama midomo kama imekauka na kupasuka, na ulimi kama umefunikwa na utando mweupe, kwa sababu mzee hupoteza hisia ya kiu na hataomba maji hata mwili ukiwa unayahitaji. Anayemtunza ndiye anayepaswa kumkumbusha na kumnywesha kidogo kidogo mchana kutwa. Mkojo wa rangi ya chai ya rangi, ukiuona kwenye mfuko wa mwenye mpira wa mkojo, unakuambia jambo hilohilo. Na ukikuta mfuko huo umewekwa juu ya godoro, sawa na kibofu au juu yake, ujue kwamba pale hakuna aliyefundishwa, kwa kuwa mkojo unarudi ndani na kuleta maambukizi.

Jambo kubwa kuliko yote ni vidonda vya kulalia. Mtu asiyejigeuza anatakiwa ageuzwe takribani kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, la sivyo nyama iliyobanwa kati ya mfupa na godoro inakosa damu na kuanza kufa kutoka ndani. Mahali pa kutazama ni kitako karibu na mwisho wa uti wa mgongo, nyonga, visigino, vifundo vya miguu na kisogo. Vitabu tulivyosomea vilisema tutafute wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi kama zetu wekundu huo hauonekani kwa urahisi, na nimeona wauguzi vijana wakipitwa na kidonda kinachoanza kwa sababu hiyohiyo. Tumia mkono. Gusa uone kama sehemu hiyo ni ya moto kuliko jirani yake, au imekuwa ngumu, au imelegea kama embe lililoiva kupita kiasi, au imekuwa nyeusi zaidi. Hutaruhusiwa kuwagusa wagonjwa wa watu, na ni haki wakukatalie, lakini unaweza kumuuliza msimamizi swali lifuatalo: kwa sasa mna wazee wangapi wenye vidonda vya kulalia, na wangapi kati yao walivipata wakiwa hapahapa? Nyumba nzuri inayajua majibu hayo mawili bila kutafuta. Atakayekuambia kwamba hawajawahi kupata hata kimoja tangu wafungue, mshuku kidogo, maana hata wodi zenye bidii hupata.

Kisha ufanye hesabu ambayo wewe kama mwalimu huwezi kuikosea. Uliza ni wazee wangapi wasioweza kujigeuza, na ni wahudumu wangapi wanaokuwa zamu ya usiku. Kumgeuza mtu mmoja vizuri, kukagua ngozi, kubadilisha pampasi na kumfunika, huchukua kama dakika 10, na kwa mtu mzito kunahitaji mikono ya watu wawili. Wakiwa watu 8, hizo ni dakika 80 katika kila saa mbili, usiku kucha, kabla hujahesabu anayeomba maji, anayetapika, na yule aliyechanganyikiwa anayetafuta mlango akidhani anakwenda shamba. Hesabu ikikataa, usidanganywe na upole wa mtu yeyote. Upole hauongezi mikono.

Kwa mama yako mwenyewe, ambaye upande wa kulia umepooza na chakula kinampalia, mwangalie anayewalisha wenzake. Mlishaji anayejua kazi humkalisha mgonjwa wima, hujaza kijiko nusu, humngoja ameze, na akimaliza hukagua ndani ya shavu la upande uliopooza, kwa kuwa chakula hujificha huko na mgonjwa hahisi. Baada ya kula mgonjwa abaki ameketi angalau nusu saa. Ukiona mlishaji mmoja ana wazee watatu mbele yake na anawazungusha kijiko, au mzee analishwa uji akiwa amelala chali, basi ule uji unaweza kuishia kwenye mapafu, na homa ya mapafu ndiyo inayowachukua wengi wao. Pia mtazame anavyomwinua mtu. Akimvuta kwa mkono uliopooza, bega litachomoka na atabaki na maumivu ambayo hawezi kuyasema.

Kuhusu baadaye: mpime mama uzito siku anapoingia. Kama hawezi kusimama kwenye mizani, pima mzunguko wa mkono wa juu kwa utepe wa fundi cherehani, mahali palepale kila mwezi. Akipungua kilo 5 katika kila 100 ndani ya mwezi mmoja, yaani mtu wa kilo 50 akipoteza kilo 2 na nusu, usikubali kuambiwa kwamba ni uzee. Hesabu na vidonge pia. Ukipeleka dawa ya presha ya siku 30, siku ya kumi na tano vibaki vya siku 15. Vikibaki vya siku 22, mama hapewi.

Kuna neno moja la mwisho nalisema kwa upendo. Kipimo hichohicho kiweke na kwako. Mama aliye kwako toka saa kumi na mbili na nusu hadi saa kumi, akichunguliwa na jirani, naye hageuzwi. Sisemi hivi ili kukuumiza.

Ustawi Urambo

Ndugu Mwalimu, Mama Muuguzi amemaliza upande wa kitabibu, nami nitaongeza machache ya upande wa utaratibu, kwa kuwa nimefanya kazi ya ustawi wa jamii katika halmashauri kwa miaka kadhaa.

Kwa manufaa ya wasomaji wengine, makazi ya wazee ya serikali kama Ipuli hapa Tabora na Kibirizi kule Kigoma yaliwekwa kwa ajili ya wazee wasiojiweza ambao hawana ndugu wa kuwatunza, na Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliiona familia kuwa mlezi wa kwanza, huku makazi yakiwa hatua ya mwisho. Mzee mwenye watoto watatu wenye ajira si rahisi apokelewe huko. Ndiyo maana watu wa hali yako wanajikuta kwenye nyumba za binafsi au za taasisi za dini, ambazo zinatofautiana mno kwa ubora.

Nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako ukamuulize mambo mawili: kama nyumba hiyo inatambuliwa, na lini mara ya mwisho ilikaguliwa. Usitosheke na cheti kilichotundikwa ukutani. Uliza pia ni nani mwenye taaluma ya uuguzi aliyeajiriwa pale na anakuwepo saa ngapi, kwa sababu nyumba nyingi hutaja jina la muuguzi ambaye hupita mara moja kwa wiki. Uliza mgonjwa akizidiwa usiku wanampeleka wapi na kwa usafiri gani. Kama jibu ni kwamba wataita bodaboda, hilo si jibu kwa mtu aliyepooza.

Mkataba usome wote. Uonyeshe ni huduma zipi zimo ndani ya malipo na zipi utatozwa nje yake, hasa pampasi, dawa, mazoezi tiba na usafiri wa hospitali. Nimeona familia zikivutwa na ada ndogo, kisha zikaletewa madai ya pampasi yanayozidi ada yenyewe, na familia iliposhindwa kulipa, mzee akaanza kubadilishwa mara mbili tu kwa siku. Kadhalika mkataba usikufunge saa za kumtembelea mama. Nyumba inayoruhusu ndugu kufika Jumamosi alasiri peke yake inaficha siku nyingine sita.

Nisingependa kumtisha mtu, lakini Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba katika taasisi za malezi, wafanyakazi 2 kati ya 3 walikiri wenyewe kwamba katika mwaka uliotangulia walimtendea mzee vibaya kwa namna fulani. Naamini wengi wao si watu wabaya. Wamechoka, ni wachache, na hakuna anayewatazama.

Mwana wa Mwanga (Kigoma)

Shikamoo Mama Muuguzi, na pole dada Mwalimu. Nimesita kuandika kwa sababu yaliyompata baba yangu bado yananiuma, lakini naona yanaweza kukusaidia.

Baba alikaa katika nyumba moja ya wazee, mkoa mwingine, kwa miezi saba. Sitaitaja. Naye alikuwa na kiharusi, ila usemi wake ulibaki. Mimi nilikuwa nafika mara moja kwa mwezi kwa treni, na kila mara nilikuwa nawapigia simu kabla ili baba aandaliwe kunipokea. Kila mara nilimkuta ameoga, amenyolewa, amekaa kwenye kiti chake cha magurudumu karibu na dirisha, na kila mara nilimuuliza hali naye akasema ni njema. Nilikuwa nawaambia ndugu zangu kwamba baba amepata pahali pazuri kuliko nyumbani.

Mwezi wa saba treni ilichelewa sana. Badala ya kufika mchana nilifika usiku wa manane, nikalala stesheni, na alfajiri saa kumi na moja nikaenda moja kwa moja, kwa kuwa sikuwa na mahali pengine pa kwenda. Mlinzi aliyekuwepo alikuwa mgeni kazini, hakunijua wala hakujua kwamba natakiwa kungoja, akanifungulia. Nilimkuta baba kwenye shuka lililolowa na kuanza kukauka pembeni, maana yake alikuwa hivyo tangu usiku. Chandarua kilikuwa kimefungwa fundo juu, hakijashushwa, na mbu wa pale mnawajua. Lakini kilichonivunja nguvu ni kikombe. Kikombe cha maji kilikuwa kimewekwa kwenye stuli, kimejaa, na kawa juu yake vizuri kabisa. Kilikuwa upande wa kushoto. Mkono wa baba uliopooza ulikuwa wa kushoto. Kila jioni mtu alileta maji, akayaweka pale, na kuandika kwenye daftari kwamba mgonjwa amepewa maji. Na kila asubuhi mtu mwingine aliyakuta yamejaa, akayamwaga.

Nilipotaka kwenda kwa msimamizi, baba alinishika kwa mkono wake mzima na kuniambia, «Usiseme kitu. Wewe utaondoka, mimi nitabaki nao.» Nikatambua kwamba ile miezi yote aliyokuwa akisema hali ni njema, alikuwa ananijibu mbele ya mhudumu aliyesimama mlangoni.

Kwa hiyo dada, nakuomba usifike kwa ratiba. Fika alfajiri, fika jioni wanapolala, fika siku ya sikukuu wahudumu wengi wanapokwenda makwao. Panga na kaka zako na rafiki zako wa hapo Tabora watembelee kwa siku tofauti ili nyumba isijue ni nani atakuja lini. Na ukiwa pale, kaa na wazee ambao hawana wageni. Wahudumu hujitahidi kwa mzee ambaye ndugu zake wanakuja. Namna wanavyomtendea asiye na mtu ndivyo watakavyomtendea mama yako siku ambazo haupo. Wasalimie, wape nafasi, wataeleza. Kama hawataeleza kwa maneno, tazama mhudumu anapoingia chumbani kama mzee anamgeukia au anajikunyata.

Baba tulimrudisha Kigoma wiki hiyohiyo, tukaajiri vijana wawili kwa zamu, na ilitugharimu. Alifariki baada ya miaka miwili akiwa nyumbani, na ngozi yake ilikuwa nzima.

Na hilo la Kiha usilipuuze. Mtu aliyepoteza lugha zote akabaki na ile ya utotoni, usipompa mtu wa kuisikia, ananyamaza moja kwa moja. Uliza kama yupo mhudumu anayetoka Kasulu, Kibondo au Buhigwe. Tabora hawakosekani.

Mwalimu wa Cheyo (Tabora)

Shikamoo Mama, na asanteni sana nyote. Nimesoma majibu yenu mara nyingi, na la Kaka wa Mwanga nimelisoma nikilia. Mama Muuguzi, ulichosema kuhusu nyumbani kwangu ni kweli, na jioni hiyohiyo nilimkagua mama. Kisigino cha kulia kilikuwa cha moto na kigumu. Sasa naweka mto chini ya shavu la mguu wakati wote ili kisigino kisiguse kitu, na jirani nimemwonyesha namna ya kumgeuza.

Jumatano iliyopita nilirudi kwenye ile nyumba saa kumi na mbili jioni bila taarifa, nikiwa na kaka yangu aliyekuja kutoka Mwanza. Tulikaa hadi saa mbili usiku. Nitaandika nilichokiona kwa uaminifu, kwa kuwa kilikuwa cha pande mbili.

Msimamizi hakukasirika kutuona. Nilimuuliza lile swali la vidonda, akasema bila kusita kwamba wapo wawili, mmoja alikuja nacho kutoka hospitali na mwingine kilimpata hapo mwezi uliopita, na akaeleza wanavyokisafisha. Vyandarua vilikuwa vimeshushwa. Daftari la dawa lilikuwa na saini kwa kila saa ya dawa, na kaka alichukua paketi mbili akahesabu vidonge, hesabu ikalingana. Chakula kilikuwa ugali na mlenda, na niliona mlishaji mmoja akimngoja bibi mmoja ameze kila tonge kwa subira ambayo mimi mwenyewe, nakiri, huwa sina jioni nikitoka shuleni. Nilikaa na bibi mwingine ambaye hana ndugu. Nilimwamkia kwa Kinyamwezi, akanishika mkono, na alipoingia mhudumu aliendelea kuzungumza bila kupunguza sauti. Yupo pia dada mmoja wa kutoka Kibondo, ila yeye ni wa zamu ya mchana.

Upande wa pili ni huu. Daftari la uzito lina safu nzuri, lakini mara ya mwisho kujazwa ni miezi minne iliyopita. Mama mmoja aliyekuwa amelala chali tulipoingia saa kumi na mbili alikuwa bado chali vilevile tulipoondoka saa mbili. Wazee wote ni 18, wasiojigeuza ni 7, na usiku kuna mhudumu mmoja na mlinzi. Nilifanya hesabu yako, Mama. Dakika 70 katika kila saa mbili, mtu mmoja, bila mtu wa pili wa kusaidia kuinua, na mama yangu akiingia watakuwa 8. Nilimwonyesha msimamizi hesabu hiyo kwenye karatasi. Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba anaijua, na kwamba ada wanazolipwa hazijamruhusu kuajiri wa pili.

Sasa sijui niamueje. Mchana pale ni bora kuliko kwangu. Usiku ni mbaya kuliko kwangu, kwa sababu usiku mimi nipo na ninamgeuza.

Muuguzi Mstaafu, Ng'ambo

Marahaba mwanangu. Umekagua vizuri kuliko wakaguzi wengi niliowahi kuwaona. Msimamizi anayekubali hesabu mbele yako ni mtu wa kufanya naye kazi, na ningekuwa mimi nisingemwacha. Lakini nisingempeleka mama usiku ule wa mtu mmoja, hata kwa wiki.

Umejibu swali lako mwenyewe bila kuliona. Muulize kama atakubali mama awe pale mchana tu, siku za shule, kwa ada pungufu, kisha jioni arudi kwako. Dada wa Kibondo yuko zamu hiyohiyo. Kinachobaki ni usafiri wa asubuhi na jioni, na hapo kaka zako walio mbali wana kitu cha kuchangia. Wakati huohuo ongeeni na ndugu wa wale wazee 7. Familia zikigawana mshahara wa mhudumu wa pili wa usiku, kila moja itatoa kidogo, na kina mama wengine waliolala chali nao watageuzwa.

Akikubali, siku ya kwanza mkague ngozi wewe na dada huyo kwa pamoja, muandike kila alama mliyoiona na mzunguko wa mkono, mtie saini wote wawili. Kile kisigino kiandikwe wazi kwamba kilitoka kwako. Usione aibu. Bila hivyo baadaye hamtajua nani ameharibu na nani ametibu.

Mwalimu wa Cheyo (Tabora)

Mama, amekubali. Ni kwa majaribio ya mwezi mmoja, Jumatatu hadi Ijumaa, na kaka wa Dar es Salaam atalipia bajaji ya kumpeleka na kumrudisha. Nimepata namba za simu za familia nne kati ya zile saba, na mbili tayari zimesema zitachangia mhudumu wa usiku. Leo jioni nimempima mama mkono wa kushoto kwa utepe: sentimita 23. Nimeandika kwenye daftari jipya, pamoja na kisigino.